Nyumba ya mmisionari: jinsi ya kuitembelea na kuisoma

Nyumba nyingi za wamisionari wa mwanzo huku magharibi mwa Kenya hazina tikiti wala mlinzi mwenye sare. Ziko ndani ya boma la misheni, kati ya shule, zahanati na kanisa, na mara nyingi kuna mtu anayeishi au kufanya kazi ndani. Chumba alicholala mmisionari huenda leo ni ofisi ya bursa. Ndiyo maana kuna watu hutoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri, wakafika saa nne, wakapiga picha ya mlango wenye kufuli, wakarudi. Na kuna wanaoingia kweli, wakazunguka dakika kumi, wakasoma kibao cha ukumbusho na kutoka bila kuiona nyumba. Hao wa pili tunawahurumia zaidi, maana walikuwa wameshafika.

Chagua kituo kwanza

Usipange vitatu kwa siku moja. Kimoja kikitazamwa vizuri kinamaliza asubuhi nzima.

Kaimosi, kaunti ya Vihiga, ilianzishwa 1902 na wamisionari watatu wa kanisa la Marafiki (Quakers) kutoka Marekani: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, kwa hiyo walipanda treni badala ya kutembea kutoka pwani kama waliowatangulia, na mizigo mizito ikawezekana. Misheni yao ilikuwa ya kazi za mikono. Kupasua mbao kilikuwa kitu cha mwanzo kabisa, basi ukiwa Kaimosi tazama mbao kabla ya kitu kingine.

Maseno ni ya Waanglikana, 1906, chini ya J. J. Willis, ambaye 1912 alifanywa Askofu wa Uganda. Iko kama kilomita 25 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Busia, na mstari wa ikweta unakatiza barabara karibu na hapo. Jina lingine utakalolisikia ni la Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kavirondo (jina la zamani la eneo hili) tangu 1918, aliyesaidia kuundwa kwa chama cha walipa kodi wa Kavirondo mwaka 1923. Aliandika barua nyingi magazetini kupinga kodi na kazi za kulazimishwa, hadi walowezi wakamgeuzia cheo chake cha Kiingereza, "Archdeacon", kuwa tusi: "Archdemon", yaani shetani mkuu. Wazee wa kanisa hupenda kuulizwa habari za Owen kuliko za mtu mwingine yeyote.

Gendia, karibu na Kendu Bay, ni ya Waadventista. Arthur Carscallen wa Kanada alifika 1906 pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo, na kituo hicho kikawa mahali pa kuchapisha vitabu. Kibao kikimtaja Carscallen peke yake, muulize mwenyeji wako habari za Nyambo.

Kuna pia Kima huko Bunyore, iliyoanzishwa 1905, na Nyang'ori, ambayo mmisionari Otto Keller aliichukua 1924. Kima inaweza kuunganishwa na Maseno kwa sababu ni majirani. Nyang'ori iko kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega, kwa hiyo inaingia vizuri kwenye safari ya Kaimosi.

Ruhusa: nani, lini, kwa maneno gani

Ardhi ni ya kanisa, lakini nyumba yenyewe huenda ilishapewa shule au hospitali. Hapo unahitaji ruhusa mbili: ya ofisi ya kanisa na ya mkuu wa taasisi. Ukipata ya mchungaji pekee, mwalimu mkuu anaweza kukurudisha getini na atakuwa na haki. Hata nyumba iliyotangazwa kuwa turathi ya taifa chini ya sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi hubaki na mwenyewe. Tangazo linazuia kuibomoa au kuibadilisha ovyo. Halikupi wewe mlango.

Anza wiki mbili kabla. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu wachungaji wengi hupumzika. Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi huku kwetu, na mwenye ufunguo akiwa mazishini hakuna atakachofanya kwa simu. Jumapili ni ibada. Gendia usiende Jumamosi kutalii: ni Sabato, inayoanza jua linapotua Ijumaa. Ukitaka kwenda siku hiyo, nenda kusali. Oktoba na Novemba shule za sekondari zina mitihani ya taifa, na mgeni ndani ya boma la shule huwa hatakiwi.

Ujumbe uwe mfupi na uwe na kila kitu:

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Sisi ni kikundi cha watu 12 kutoka Nakuru. Tunaomba ruhusa ya kuona nyumba ya wamisionari, nje na ndani, Jumatano tarehe 14, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Tungependa kupiga picha za jengo pekee. Kama kuna mzee wa kanisa anayeijua historia yake, tutashukuru sana akitutembeza. Chakula tumejipanga. Tunaomba pia kujua ni nani mwenye ufunguo."

Kwa padri au sista anza na "Tumsifu Yesu Kristo". Idadi ya watu inamsaidia kujua kama sakafu na viti vitatosha. "Nje na ndani" lazima uandike, kwani ukisema "kuona nyumba" utaonyeshwa ukutani. Sentensi ya chakula ina sababu yake: usipoisema, akina mama wa kanisa wanaweza kuwachinjia kuku bila kukwambia, nanyi mkafika mkiwa mmekula njiani. Katika nchi ya Waluhya, kumkatalia mwenyeji kuku ni jambo zito. Ukiambiwa chakula kiko tayari licha ya ujumbe wako, keti ule.

Swali la ufunguo ndilo linaloangusha safari nyingi. Msimamizi ni mmoja, mwenye ufunguo ni mwingine, na mara nyingine ufunguo wa ghala la nyuma yuko nao mtu wa tatu. Piga simu jioni ya siku iliyotangulia, kisha tena asubuhi mkiwa njiani.

Kuhusu pesa, usiulize "kiingilio ni ngapi?" Uliza kama kuna mchango wa kutunza nyumba. Kikundi kilipe kwa namba ya malipo ya kanisa, kisha kiombe risiti. Mzee aliyewatembeza mpeni nauli yake kando, mkononi, bila tangazo. Makumbusho ya serikali, kama ile ya Kisumu yenye boma la Kiluo la Ber-gi-dala, yana utaratibu tofauti: malipo hupitia eCitizen, na mwananchi huonyesha kitambulisho ili alipe bei ya mwananchi.

Kufika

Kutoka Nakuru pita Kericho na Ahero hadi Kisumu. Tenga saa nne kwa matatu. Kwenda Maseno, panda magari ya Luanda au Busia. Kaimosi, panda ya Kakamega, shuka Chavakali, kisha shika barabara ya Kapsabet. Gendia, pitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, halafu boda. Nauli hupanda Ijumaa jioni, mvua ikinyesha na Desemba yote, basi beba ya akiba.

Mkifika, nendeni ofisini kwanza hata kama nyumba mnaiona palepale mbele yenu. "Mulembe" inatosha kufungua mazungumzo Kaimosi na Kima. Gendia asubuhi sema "Oyawore". Aliyewapokea mwiteni Mzee, Mama, Pasta au Mchungaji. Jina tupu hapana, hata kama ndivyo alivyojitambulisha kwenye simu.

Muda wa kuwa ndani ya nyumba ni saa tatu hadi saa tano na nusu. Kuta ni nene, madirisha ni madogo na veranda ni pana, kwa hiyo jua likipanda vyumba vinakuwa na giza. Jambo jingine ni mvua. Vihiga na Kakamega, mawingu hukusanyika baada ya saa nane na radi huku si mchezo. Maboma ya misheni yana mikaratusi na misonobari mirefu ya zamani. Mvua ikianza ingieni ndani ya jengo, msijikinge chini ya mti.

Mkoba wenu: tochi yenye mwanga mwembamba, futi ya utepe ya mita 5, daftari na penseli, soksi safi kwa ajili ya sakafu ya mbao, dawa ya mbu kwa wanaotoka nyanda za juu, na sarafu ya shilingi 20. Ya nini sarafu, tutafika. Droni acha nyumbani, inataka kibali cha mamlaka ya safari za ndege.

Anza nyuma ya nyumba

Mbele ya nyumba palikarabatiwa kwa ajili ya picha. Nyuma pesa hazikufika. Basi msipande ngazi za veranda bado. Zungukeni mkaanzie ukuta wa jikoni.

Kabla ya yote, jambo moja kuhusu maneno "nyumba ya kwanza". Wamisionari wa mwanzo walilala kwenye hema, kisha kwenye nyumba za udongo na nyasi zilizojengwa na wenyeji kwa ujuzi wa wenyeji. Nyumba ya tofali na mabati kwa kawaida ni ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kibao kikisema "nyumba ya kwanza, 1906", muulize mzee kwa upole kama ni mwaka wa kituo au mwaka wa jengo. Mara nyingi atacheka, na hapo ndipo historia yenyewe huanza.

Paa. Mabati ya zamani ni mazito kuliko tunayonunua leo dukani, ambako geji ya 30 na 32 ndizo za kawaida. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Simama chini ya ukingo wa paa utazame upande wa ndani wa bati. Muhuri wa kiwanda hubaki huko kwa sababu jua na mvua havikufika. Tazama pia kama paa lote lina umri mmoja. Mabati mapya yakiwa upande mmoja tu, upande wenye upepo wa mvua, fundi aliziba panapovuja. Ukiona mabati ya rangi yenye umbo la vigae, aliyekarabati alichagua alichoweza kumudu. Usimlaumu, ila andika.

Ukuta. Tofali za mkono hazilingani. Chukua futi, pima mistari mitano ya tofali pamoja na udongo uliomo katikati, gawa kwa tano. Rudia mahali pengine kwenye ukuta uleule. Vipimo vikitofautiana sana, una sehemu mbili zilizojengwa nyakati mbili, na ukitafuta utaona mshono kati yake. Tofali za tanuru la kuni huwa na rangi mchanganyiko, nyekundu hadi nyeusi kwa zilizokuwa karibu na moto, na zingine zina alama za vidole vya aliyezitoa kwenye kalibu. Weka kidole chako hewani mbele ya alama hiyo bila kugusa. Mwenye kidole kile hayumo kwenye kibao.

Sasa inama utazame kilichoanguka chini ya ukuta. Usikwaruze, ukuta wenyewe umeshakutupia ushahidi. Vumbi jekundu ni udongo. Punje nyeupe zinazovunjika kati ya vidole ni chokaa. Vipande vya kijivu, vigumu, vyenye kingo kali ni saruji, na saruji kwenye ukuta wa udongo au chokaa ndiyo kosa kubwa la ukarabati tunaloliona.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa zamani hauna karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, na ukuta wa chokaa huyatoa nje polepole, kama jasho. Fundi akipiga lipu ya saruji juu yake, ngumu na laini kama sahani, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yakitoka yanaacha chumvi. Chumvi ikikauka hutanuka ndani ya tofali na kubandua uso wake. Miaka michache baadaye lipu inaonekana nzima, na nyuma yake tofali imekuwa unga. Rangi ya mafuta inafanya vilevile.

Dalili zake ni mstari wa weupe kama magadi kati ya goti na kiuno. Rangi iliyotoka malengelenge. Na ukiruhusiwa kugonga kidogo kwa fundo la kidole, sauti ya debe tupu. Shikilia tochi kando kabisa ya ukuta, mwanga upite juu yake kama jua la jioni, na kila kiraka kitajitokeza, hata kilichopakwa rangi jana. Kwa mwanga wa mbele ukuta huohuo unaonekana umenyooka. Hili ni zoezi la kuwafanyia wanafunzi; hawalisahau.

Ukikuta saruji, usimhutubie mzee. Yeye hakuwa fundi, na kamati ilifanya ilichoambiwa na muuza vifaa.

Msingi. Nyumba zingine zimeinuliwa juu ya nguzo za mawe, na kati ya nguzo na mbao pana kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Kazi yake ni mchwa: wakipanda hulazimika kuizunguka kofia kwa nje, na njia yao ya udongo ikaonekana. Kofia haiwaui, inawafichua tu, kwa hiyo bila mtu wa kukagua haina maana. Tafuta njia za udongo zenye upana wa penseli zinazopanda nguzo au pembe za ukuta. Kavu na iliyovunjika ni ya zamani. Mbichi, yenye udongo wa giza, ina mchwa leo. Hili, tofauti na saruji, mwambie mwenyeji palepale.

Gata na tangi. Gata likikosekana, maji ya paa hupiga ardhi na kurukia ukuta, na msingi unachimbika mstari mzima chini ya ukingo. Wakati mwingine shida nzima ya nyumba ni kipande cha gata cha mita mbili.

Jiko. Litafute kando ya nyumba. Lilitengwa kwa hofu ya moto, moshi na joto. Likiwa limebomolewa, msingi wake huonekana kwenye nyasi, na udongo wenye majivu huwa mweusi. Karibu nalo palikuwa na vyumba vya wapishi, mafundi na wavulana wa kubeba maji. Ukarabati mwingi huziacha sehemu hizi zianguke, kisha nyumba inaonekana kama mmisionari aliishi peke yake na Biblia yake. Muulize mzee: nani alifyatua tofali? Mbao zilipasuliwa wapi? Mpishi alikuwa wa ukoo gani? Majina atakayotaja yaandike kama anavyoyatamka, umsomee tena akusahihishe.

Ndani

Vua viatu kama sakafu ni ya mbao na mwenyeji amevua. Ingieni wanane wanane. Kwenye sakafu ya zamani tembea karibu na kuta, pale ambapo boriti zinakalia ukuta, na usiwaruhusu watoto kuruka katikati ya chumba. Veranda ya mbao ni hatari kuliko chumba kwa sababu ndiyo hulowa. Picha ya pamoja ya watu 30 pigeni chini kwenye nyasi.

Kabla ya kusikiliza maelezo, hesabu vyumba na milango. Mlango uliozibwa huacha fremu au ufa ulionyooka kwenye lipu. Kizingiti kilicholika katikati kinaonyesha mlango uliotumiwa kweli, na si lazima uwe ule wa mbele.

Tazama vioo vya madirisha. Sogeza kichwa kushoto na kulia huku ukiangalia mti ulio nje. Mti ukicheza kama uko majini, kioo ni cha zamani, ukitulia, kimebadilishwa. Kuna hadithi kwamba kioo huteremka kidogokidogo kwa miaka na kuwa kinene chini. Si kweli, mawimbi hayo yalikuwemo tangu kiwandani.

Dari lina mambo mawili. Duara la kahawia lenye kingo nyeusi ni maji yaliyovuja. Likiwa limekauka na juu yake kuna bati jipya, limeshatibiwa. La pili ni popo. Harufu kali ya mkojo na punje nyeusi ndogo kuliko mchele kwenye kingo za madirisha zinakwambia wapo juu. Msizifagie, msizitifue. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba ukungu unaoumiza mapafu, na mwenye pumu asubiri nje.

Mahali pa moto panahitaji kufikiriwa kidogo. Kaimosi iko juu, zaidi ya mita 1,500, na usiku una baridi. Moto una maana. Gendia iko jirani na ziwa, ambalo kimo chake ni kama mita 1,130, na joto lake unalijua. Mkikuta dohani kwenye nyumba ya ziwani, ulizeni ilitumika kwa nini. Huenda mjenzi aliibeba ramani ya kwao nzima nzima.

Kwa kila samani swali ni moja: "Hiki kilikuwa humu, au kililetwa?" Kuna kilichokuwemo, kuna cha enzi hiyo kilichotoka kwingine, na kuna kilichotengenezwa juzi kifanane. Vyote vitatu vinakubalika iwapo mgeni anaambiwa. Nyumba nayo iulizie hivyo. Kukarabati ni kuziba na kuimarisha. Kurejesha ni kuirudisha ilivyokuwa mwaka fulani, na lazima mtu awe amechagua mwaka huo na kuondoa vilivyoongezwa baadaye. Kujenga upya ni nyumba mpya pale pa zamani. Uliza ni lipi kati ya hayo, na uliza hasa ni nini kiliondolewa. Kama ilikuwa bweni la wasichana kwa miaka mingi kisha mabomba na vitanda vikatolewa ili ifanane na nyumba ya mmisionari, basi maisha ya wasichana wale yalitupwa pamoja na mabomba. Mzee akikwambia hilo kwa masikitiko, mpe muda aseme.

Vitabu, picha na makaburi

Rejista za ubatizo zikitolewa mezani, mikono iwe mikavu na misafi, kalamu ya wino iwe mfukoni. Zina majina ya watu, wazazi na pengine mambo ya ndoa ambayo wajukuu hawayajui. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Zaidi ya sheria, kuna aibu. Usipige ukurasa picha bila ruhusa na usiuweke mtandaoni. Ukitafuta babu yako, mwambie karani jina na mwaka, akusomee.

Picha za jengo zinaruhusiwa mara nyingi, za wanafunzi na wagonjwa hapana. Boma likiwa na hospitali, geuza kamera upande mwingine kabisa.

Makaburini nendeni na mzee, msikalie mawe, msipite juu. Someni umri. Watoto wachanga na akina mama vijana ni wengi katika makaburi ya namna hii, na ugonjwa uliowaua kwa kawaida ulikuwa malaria au homa yake ya mkojo mweusi.

Tarehe ya mzee na tarehe ya kibao zikigongana, andika zote mbili na uonyeshe nani alisema ipi. Kuthibitisha kunawezekana baadaye. Nyaraka za misheni ya Waanglikana zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za Marafiki ziko nyingi Earlham College, Richmond, Marekani. Kwa karibu zaidi, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Nairobi na ina vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru, ambako barua kati ya misheni na ofisi za wilaya zinaweza kupatikana.

Kabla ya kuondoka

Kitabu cha wageni jazeni kwa herufi zinazosomeka, mkiandika mlikotoka na idadi yenu. Kamati ikienda kuomba pesa kwa kaunti au kwa wafadhili, kitabu hicho ndicho huonyesha kuwa watu wanakuja.

Halafu ile sarafu. Kila ufa, kila weupe wa chumvi, kila njia ya mchwa mliyoiona, ishikilie sarafu ya shilingi 20 kando yake na upige picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya kutoka hatua nne ili ionekane ni chumba gani na ukuta gani. Bila sarafu, ufa wa milimita mbili na wa sentimita mbili hufanana kwenye simu. Zipe picha majina yenye tarehe na mahali, kwa mfano "jikoni, ukuta wa mashariki", uzitume kwa ofisi ya kanisa ndani ya wiki moja, pamoja na majina ya mafundi na wapishi aliyoyataja mzee. Atakayekuja mwaka ujao na sarafu yake ataweza kujua kama ufa ule umetulia au bado unatembea.